Magari Mawili ya Baba

Nyumbani, gerejini,
Jumapili asubuhi.

Kaka mpendwa,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona, au bado unakohoa huku ukijifanya mzima? Wifi na watoto wanaendeleaje? Mimi niko salama, mikono imejaa rangi kama kawaida. Mama anakula kidogo sana. Nikisema sote hatujambo nitakuwa nakudanganya.

Jicho la kushoto la Kipara limekwenda. Madaktari wamelitoa Ijumaa. Aliyelipasua ni Bonge, ndugu yake na yetu wa tumbo moja, kwa spana ya magurudumu.

Kisa ni yale magari ya Baba ya Kijerumani, ya milango miwili. Unayakumbuka: umbo moja, rangi moja ya fedha. Lile la kawaida ni tulivu, ukiketi hutaki kushuka. Lile la nguvu ni gumu, kila shimo unalisikia kiunoni, lakini ukikanyaga mafuta, mama yangu! Linakugandisha kwenye kiti. Kabla ya kufa Baba alisema la nguvu ni la Kipara, kwa kuwa ndiye fundi injini, na la kawaida achukue Bonge. Bonge akaona amedharauliwa. Kwani muuza nyama hajui kukimbia?

Jumatano akaja hapa amevimba. Kipara, nawe unaujua mdomo wake, akamwambia la kawaida ndilo linalomfaa, maana hata akifukuzwa na mbwa hakimbii. Basi! Bonge akaokota spana, akampiga nayo usoni. Damu iliruka mpaka kwenye mlango niliokuwa naupiga msasa. Nilimrukia mgongoni, akanitupa kwenye matairi. Kisha akabeba nyundo kubwa, akalivamia gari lenye nembo ya nguvu kwa nyuma. Alivunja vioo, akavunja taa, akapondaponda boneti, huku anapiga kelele, "Kama si langu, si la mtu!"

Kipara alikuwa chini, ameshika uso, damu inapita katikati ya vidole. Akaanza kucheka. Kaka, kicheko kile bado kinanitisha.

"Piga tu, ndugu yangu. Hilo ndilo lako."

Baba alikuwa amezibadilisha nembo zamani, ya hili akaibandika kwenye lile, kwa kuogopa wezi. Sisi wa gerejini tuliyatofautisha kwa breki: la nguvu lina diski pana zinazojaza gurudumu zima. Bonge hakuwahi kuinama akatazama.

Jana Kipara alinituma nimpelekee Bonge funguo za lile lililobaki zima, la nguvu. Alisema mwendo wa gari hilo unataka macho mawili. Nilikasirika, lakini nikaenda. Nilimkuta buchani anakata mifupa. Nikaziweka juu ya gogo, nikamweleza. Aliacha shoka, akakaa sakafuni kwenye damu ya ng'ombe, akalia kwa sauti mbele ya wateja. Funguo hakuzigusa. Nataka kumchukia, nashindwa.

Mama amesema Bonge asikanyage hapa mpaka wewe, mkubwa wetu, utoe neno. Fikiri vizuri, kaka, usijibu kwa hasira kama sisi.

Mbusu wifi, wabebe watoto kwa niaba yangu. Mama anakuombea Mungu akufunike popote uendapo. Kipara naye anakusalimu. Anasema kabla hujampigia simu yeye, umpigie kwanza Bonge.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Fundi Rangi