Vitone Vinne vya Thurea

Mjomba,

Kwa heshima na taadhima nakuarifu kwamba kipande kimoja cha kioo, ukubwa wa lozi, kimekataa kulia. Hapa Kivinje hakuna aliyeshtuka ila mimi.

Ni cha thurea ya msikiti, ile taa ya vioo uliyoitunza mpaka Mungu alipokuchukua. Shaabani hii tuliishusha kama kawaida, kila nyumba ikapewa vitone vyake, vile vioo vinavyoning'inia, kwenda kuviosha kwa maji ya ndimu. Viliporudi nikavigonga kwa ukucha, kazi uliyokuwa ukiifanya peke yako, mlango umefungwa. Ulinifundisha: bilauri, kioo safi cha asili, hulia kama kengele, kioo cha chupa husema tek kikanyamaza. Baada ya kile cha kwanza, vingine vitatu vikasema tek. Vyote vinne vimetoka kwa shemeji Hija. Na Hija, Mjomba, ana baiskeli mpya.

Shaka ikanikaa kama jino bovu. Dada Somoe, mkewe, ana mimba ya miezi saba. Alinitazama nikivigonga akasema, "Kaka, wewe hata peponi utahesabu milango." Nilijua nikisimama Ijumaa nikamtaja mumewe kuwa ameuza vya asili, ndoa ile imekwisha. Nilikusudia kusimama.

Kwanza nikavipeleka Lindi kwa fundi wa taa, Mhindi mmoja. Nikamwonyesha elimu yako yote: kwamba thurea za kwanza za Wazungu zilikuwa msalaba wa mbao wenye mishumaa (ukaniambia hilo nisilitaje msikitini), kwamba Waitalia walipinda vioo vikawa maua, watu wa Bohemia wakavichonga, Waingereza wakatia madini ya risasi ndani yake vikawa vizito, vyenye sauti, na kwamba yetu ni ya mtindo wa hema juu, kapu chini. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akavaa miwani, akatazama vijiwaya vya kuning'inizia.

"Hivi ni chupa, bwana. Na aliyevisokota ni wa mkono wa kushoto. Kutu hii ni ya miaka."

Hija ni wa kulia. Wa kushoto msikitini kwetu nilimjua mmoja tu. Nikakumbuka siku zile umekaa na koleo, ukinifukuza: "Nenda kanitafutie ndimu." Ndimu zilikuwapo, Mjomba. Kapu zima.

Vya asili vilivunjika? Ulimpa mtu? Nani? Nauliza tu, hata ulipokuwa hai ukiulizwa ulikohoa.

Ijumaa sikusimama. Kwa Hija nilikwenda, nikamwombea baiskeli yake baraka, akanitazama kana kwamba naumwa. Vitone nimevirudisha juu, upande wa ukutani, na nakuahidi hakuna mwingine atakayevigonga maadamu nina uhai. Mungu akupe kauli thabiti huko, maana maswali yatakuwapo.

Huku usihofu kugunduliwa. Thurea haijawashwa miaka mingi. Tunasali kwa karabai.