Honi ya Gari la Duha

Mji wa Kale, Mombasa

Kakangu Abdullah,

Assalamu alaykum. Huku nyumbani hatukusahau, na leo nataka nimsifu dadetu Duha.

Lile gari ulilotuachia lilianza visa: leo honi inalia, kesho kimya. Fundi akabadilisha honi yenyewe, lakini wapi! Juma lililopita Duha, akiwa na Mama garini, alikata kona ya nyumbani, akabonyeza, honi ikanyamaza, na mkokoteni wa maji ukatokea mbele yake. Alifunga breki, Mama akajigonga bega.

Duha hakumlaumu mtu. Alinikalisha kwenye usukani, akaniambia, "Bonyeza usiachie, kisha zungusha polepole."

Honi ikalia. Nilipozungusha kushoto ikakatika. Niliporudisha, ikalia tena.

"Basi si honi," akasema. "Ni waya, humu ndani ya usukani."

Akachomoa betri, akafungua kifuniko, akaukuta waya umekatika ndani ya ganda lake. Akatia mwingine. Sasa honi inalia kila kona, hata majirani wanaziba masikio.

Utauliza Mama alikuwa akienda wapi. Alitukataza tusikwambie, lakini siwezi tena. Figo zake zimechoka, na Duha ndiye humpeleka hospitali kusafishwa damu, kisha hukimbilia kazini. Hajakosa hata mara moja, wala sijamsikia akinung'unika.

Jana Mama aliniuliza kama chumba chako kimefagiliwa. Nimekifagia mwenyewe. Njoo, kaka.

Nduguyo akupendaye,
Hamid