Gavana Kapakwa Unga

Jumapili, Chang'ombe. Mvua tangu alfajiri, matope yamefika mlangoni.

Mie nimezaliwa na bahati, asiyeamini shauri yake. Nimepika melini, nimeshuka Beira, nimeshuka Bombei, na kila bandari nilipata mtu wa kunikaribisha chai. Na jana, hapa Temeke, Liwali mwenyewe kaja kuutazama mchezo wangu, kanipa mkono mbele ya watu, na kanipa idhini ya kuuonyesha mjini. Bila idhini hiyo kundi langu lingekufa. Mtu wa darasa la nne! Wenye vyeti wapo, wananakili barua za mabwana zao.

Lakini nimeudhika mpaka kichwa kinaniuma.

Mchezo wangu hauna jukwaa. Watazamaji wanakaa chini, wao ndio raia, na Gavana wa Kijerumani anapita katikati yao akidai kodi. Nusu ya pili anavua kofia ya Mjerumani, anavaa ya Mwingereza, anarudi kwenye kiti kilekile, anadai kodi ileile. Hapo nilitaka watu wanyamaze, wajitazame. Liwali nilimwambia tunawacheka Wajerumani tu. Hiyo nusu nyingine niliiweka akiba.

Ugavana nilimpa Mihayo, kuli wa bandarini, kwa kuwa ni mrefu na ana buti. Nikasahau kwamba Mihayo ni Mnyamwezi, na raia wangu wote pale chini ni Wazaramo.

Watani!

Hata kodi hajaitaja, Bi Mwanahawa, muuza vitumbua, kasimama. "Wee mtumwa wangu, nani kakupa ugavana? Vua kofia ya watu!"

Kofia ikavuliwa. Unga wa mchele ukamwagwa usoni. Nikapiga kelele, "Mama, hii ni historia!"

"Historia ikae pembeni, mwanangu. Huyu wetu."

Na Mihayo afanye nini? Mtani hakasirikiwi, ukikasirika umejiaibisha mwenyewe na ukoo wako. Naye akaanza: "Nyie Wazaramo, bila sie kuwabebea mizigo mngekuwa bado mnaikalia!" Wakamwangusha, akawa anagaagaa kwa kicheko. Gavana gani huyo? Nani atamwogopa Gavana anayetekenywa? Na kofia kaondoka nayo Bi Mwanahawa, anasema hairudi mpaka Mihayo apeleke kuku.

Nusu ya pili haikuchezwa.

Nimeuandika mchezo huu kwa jasho, nimefukuzwa nyumba mbili kwa kelele za mazoezi, halafu unakuja kuangushwa na utani! Laiti wangenizomea. Ya kuzomewa nayajua. Lakini walifurahi, na kila niliyekutana naye leo ananishukuru.

Asubuhi Mihayo kaja na mvua yake, unga bado masikioni. Hakutaka kukaa. "Kaka, nimekuharibia. Liwali kasemaje?"

Nikamwambia kama nilivyoandika hapo juu. Jitu zima likafuta machozi, likacheka, likanywa chai yangu, likamaliza na mkate. Sasa hivi anawatangazia wenzake bandarini.

Liwali hakunipa mkono. Alinyanyuka pale unga uliporuka, na karani wake akabaki nyuma kunipa jibu: mchezo marufuku, mjini na hapa Temeke.

Idhini hatuna.