Kinga ya Vidole ya Chepseon

Kericho,
Jumapili, baada ya ibada

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima na za upendo mwingi. Natumaini kifua kimekuachia tangu baridi ipungue, na kwamba Mama amepata nafuu ya magoti na ameacha kubeba maji akidhani hatujui. Sisi huku tu wazima. Watoto wamefunga shule, wanakula mchana kutwa na wanauliza lini watakuja kwa guka, babu yao.

Najua ungetaka nikupigie simu. Lakini tangu sikio lako la kulia lianze kugoma, tukizungumza kwa simu soko zima la Chepseon linajua mambo yetu. Na haya ya leo nataka uyasome polepole, umevaa miwani, urudie pale unapotaka kurudia.

Kabla ya habari, nataka kukushukuru, maana sijawahi kukuambia vizuri. Nilikulia kwenye karakana yako nikiokota misumari na kukushikia vyuma. Kifaa kikikataa, hukukipiga teke wala kukitukana. Ulikifungua, ukakitazama, halafu ukaniuliza mimi mtoto, "Maitu, unafikiri kinakataa wapi?" Uliniita mama yako kwa kuwa nina jina lake, nami nikaamini kweli kwamba nina akili ya mtu mzima. Kazi ninayofanya leo kwenye maabara ya chuo ilianzia kwa swali hilo.

Sasa habari. Krismasi nilikudokezea kuhusu karatasi ya kupimia maziwa ninayoishughulikia na mwenzangu Joab. Ni kipande kidogo tu. Mkulima anadondoshea maziwa ya kila chuchu, na kama ugonjwa wa kiwele umeanza, karatasi inageuka rangi kabla kiwele hakijavimba. Tuliijaribu Ndanai kwa mjane mmoja anayeitwa Chepkosgei, ambaye anasomesha watoto kwa maziwa. Ng'ombe wake mmoja alikuwa anakula majani ya nepia vizuri, macho maangavu, lakini karatasi ikageuka zambarau. Daktari wa mifugo akapima, akakuta ni kweli. Ng'ombe alitibiwa mapema na akapona. Chepkosgei alinikumbatia palepale zizini, gambuti zetu zikizama kwenye matope.

Shida ilianza tulipopanda Mogogosiek. Kule juu kwenye mashamba ya majani chai, baridi ya asubuhi iliifanya karatasi isite, na mara nyingine haikugeuka kabisa hata kwa ng'ombe mgonjwa. Ilibidi tubadilishe mchanganyiko wa rangi. Tulikuwa tumeanza tu wakati wakili wa chuo alipotuita na kutuambia tusimamishe kila kitu. Alikuwa amegundua kwamba ile rangi inalindwa kwa hataza ya kampuni moja ya ng'ambo, hataza ndiyo hii haki ya mvumbuzi ambayo sisi tumezoea kuiita patenti. Kampuni yenyewe haiuzi kitu huku kwetu. Nikamwambia kwamba sheria inamruhusu mwanasayansi kutafiti. Akasema ndiyo, ndani ya maabara. Lakini tukishaipeleka zizini kwa mkulima, tukitarajia siku moja iuzwe, nani atasema huo bado ni utafiti na nani atasema ni biashara? Chuo kikaogopa. Mlango wa maabara ukatiwa kufuli, sampuli zetu zikiwa ndani.

Haikuchukua muda, Chepkosgei akapiga simu kuomba karatasi. Ng'ombe wake mwingine alikuwa anapunguza maziwa bila sababu. Sikuwa na hata moja ya kumpa. Ugonjwa ulipojitokeza, upande mmoja wa kiwele ulikuwa umeshakufa, na yule ng'ombe akaishia kwa mchinjaji. Chepkosgei hakunilaumu. Aliniuliza tu kama karatasi zimeisha, na kumweleza kwamba zipo lakini zimefungiwa kulinishinda.

Siku hizo nilikufikiria sana. Wewe unajua yaliyokupata, lakini acha niyaandike jinsi nilivyoyaona mimi nikiwa mtoto. Nakumbuka Mama Nyabate, jirani yetu, alipoletwa amefungwa leso mkononi, mashine ya kukata nyasi imemla vidole. Nakumbuka ulivyokaa na mashine ya jirani huyo ukiigeuza huku na huku, mpaka ukatengeneza ile kinga ya bati inayoinuka nyasi zikiingia na kushuka mkono ukikaribia. Watu walitoka hata Kipkelion kuja kufungiwa kinga hiyo. Halafu akaja yule bwana mwenye koti, akaisifu, akapiga picha, ukampa chai. Kilichofuata ni onyo la wakili kwamba kinga hiyo ni mali yake, imesajiliwa, na ukiitengeneza tena utashtakiwa. Ulizitia zilizobaki kwenye gunia, ukaanza kuchomelea mageti na madirisha. Ulituambia tusimtajie mtu habari hiyo tena, nasi tukatii.

Basi tangazo likatoka kwamba kuna jopo linalozunguka kukusanya maoni juu ya namna ya kurekebisha sheria za uvumbuzi, nalo litafika Kericho. Joab alisema twende. Mimi sikutaka. Niliona watakuja wakubwa wa mashirika, waseme Kiingereza chao, waondoke. Lakini Joab aliniambia, "Wanjuhi, wewe si kila siku unalalamika maabara imefungwa? Nenda ukalalamike mahali kuna maikrofoni." Nikaona aibu, nikaenda.

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa. Mtu wa kwanza kusimama alizungumzia bonasi ya wakulima wa chai, na mwenyekiti akapata kazi kubwa ya kumweleza kwamba hilo si la leo. Nilipopewa nafasi nilienda mbele kwenye maikrofoni. Nilisema sijaja kuomba hataza zifutwe, kwa sababu mtu aliyetoa jasho lake anastahili kulindwa. Ninachoomba ni kwamba anayetafiti asitendewe kama anayeiba, na mpaka kati ya utafiti na biashara uandikwe kwa maneno ambayo hata mkuu wa chuo mwenye hofu atayaelewa. Nikawaeleza kuhusu ng'ombe wa Chepkosgei. Nikasema na jambo jingine pia, nitalifikia.

Nilipokaa, mwanamume mmoja nyuma akainua mkono. Kumbe alikuwa wakili kutoka Nairobi anayewakilisha kampuni ileile ya ng'ambo! Nilitamani ardhi inimeze. Lakini alisema kwa upole kwamba kampuni haijawahi kutukataza, kwa kuwa haijawahi kuulizwa. Wangeulizwa, wangekubali utafiti uendelee mpaka mashambani. Mwenyekiti akamwomba arudie hayo kwenye maikrofoni, yaandikwe. Akarudia, na watu wakapiga makofi.

Baba, kibali kimekuja kweli, na maabara imefunguliwa. Joab alikata kufuli kwa msumeno kwa sababu aliyekuwa na ufunguo alikuwa likizo. Mchanganyiko mpya tumeujaribu Mogogosiek asubuhi yenye ukungu, na karatasi imegeuka bila kusita. Namshukuru Mungu, namshukuru Joab kwa kunisukuma, na namshukuru hata yule wakili wa Nairobi ambaye angeweza kunyamaza. Ila katibu wa jopo, wakili anayeitwa Phelis, alinivuta kando baada ya kikao akaniambia nisifurahi kupita kiasi. Leo wamekubali kwa hisani, alisema, na kesho mwingine atakataa. Jopo litapendekeza sheria yenyewe iseme wazi, ndipo mtafiti asiishi kwa kutegemea wema wa mtu. Naye namshukuru kwa hilo.

Sasa nifikie lile jambo. Baba, nilikutaja. Nilisimama mbele ya ukumbi mzima nikasema jina lako, Kiarie wa Chepseon, nikaeleza habari ya kinga na ya yule bwana mwenye koti. Nilisema fundi kama wewe angesaidiwa kusajili kazi yake hapa karibu, kwa lugha anayoijua, bila kutafuta wakili, hakuna mtu angemnyang'anya. Ulitukataza, nami nikasema. Nakuomba usinikasirikie, au ukasirike kidogo kisha uendelee kusoma, kwa sababu kuna zaidi.

Alhamisi Phelis alinipigia simu. Maneno yangu yalikuwa yamemsumbua, akaenda kuitafuta ile haki ilikosajiliwa. Akaniambia, "Mwambie mzee kwamba ile kinga haina mwenyewe tena." Haki za namna ile zina muda wake, zikifika mwisho zinakwisha. Tena yule bwana aliacha kuilipia ada, kwa hiyo ilikufa mapema, zamani sana, mimi nikiwa bado sekondari. Nilimuuliza tena na tena, akanihakikishia. Tangu wakati huo mtu yeyote angeweza kuitengeneza na kuiuza bila kuvunja sheria. Hata wewe, Baba. Wewe kuliko wote.

Nilikata simu nikalia ofisini mpaka Joab akafikiri kuna msiba. Nilifikiria miaka yote uliyochomelea mageti ukigeuza uso kila ulipopita karibu na lile gunia. Najua hata wewe itakuuma kwanza. Hakuna aliyekuambia, kwa sababu haikuwa kazi ya mtu yeyote kukuambia. Nimeliandikia jopo kuongeza ombi hilo: haki ikifa, itangazwe mahali watu wanasikia, kwenye baraza la chifu na kwenye redio za Kikuyu na Kikalenjin.

Sikuweza kuikalia habari hii peke yangu. Nilimweleza Chepkosgei, naye akawaeleza wanawake wa kikundi chao cha maziwa kule Ndanai. Wawili kati yao wana mikono kama ya Mama Nyabate. Wamekodi pikapu, na Jumamosi watakuja Chepseon na mashine zao za kukata nyasi, waongee na wewe mwenyewe. Niliwaambia siwezi kuahidi kwa niaba yako. Walijibu kwamba hawaji kuahidiwa, wanakuja kufungiwa kinga. Tafadhali mwambie Mama achemshe chai nyingi, na wewe usijaribu kuwaambia kwamba umezeeka. Wanakuja na mursik, maziwa yao ya kugandishwa kibuyuni, na kwa jinsi ninavyowafahamu, hawataondoka bila kinga zao.

Msalimie Mama sana, na Zack ukimwona sokoni mwambie dada yake anamdai ziara. Wasalimie Mama Nyabate na wote wa kanisani. Mungu akutunze macho na mikono, Baba. Bado kuna kazi.

Mtoto wako akupendaye,
Wanjuhi