Kichwa cha Sato na Vita vya Majini

Jumanne, Mkolani

Na mume wangu bado anacheka peke yake kitandani, eti amekumbuka hoja ya Mwalimu Adela.

Huyu Adela, mpangaji wetu mpya, anafundisha historia sekondari. Mume wangu ni fundi wa injini za kivuko. Tangu wagundue kwamba wote wanapenda habari za vita vya majini, kila jioni ni manowari na nyambizi, nyambizi na manowari. Mimi nawapakulia chakula, nakaa pembeni.

Leo nikaona nami niulize, nisikae tu kama sufuria. "Kwani Wamarekani si walikuwa hawamo kwenye Vita Kuu ya Kwanza? Waliingiaje?"

"Walikaa pembeni wakifanya biashara zao, Mama Kulwa," Adela akanijibu taratibu, kama vile nipo kidato cha kwanza. "Wajerumani walipoanza kuzamisha meli zao, uvumilivu ukaisha."

"Umesikia hiyo?" mume wangu akadakia, anamtazama yeye, macho yanang'aa. Mimi hajanitazama hivyo tangu... sijui. Na huku anamsifu, akachukua kichwa cha yule samaki wa sato niliyempika, akamwekea kwenye sahani.

Kichwa cha sato ni changu. Tangu tuoane, hata mama yake akija kutoka Magu, kile ni changu.

Naogopa sina tena neno la kumfanya mume wangu anisikilize vile. Lakini Wamarekani nimewaelewa vizuri sana.

Kesho napika dagaa. Tuone atamgawia kichwa kipi.