Vidonge Nimevikalia

Wadi ya Pili, Chumba cha 9,
Hospitalini, Tunis.
Alhamisi, 14 Machi 2019

Mpendwa wifi yangu Monjia,

Assalamu alaykum. Hujambo huko Marsei? Na magoti yako je, baridi imeyaachia? Sisi tu wazima kwa kiasi tulichojaliwa. Kaka yako Larusi yuko kitandani mbele yangu, na leo ndiyo siku yake ya kutiwa zile nyaya ubongoni.

Nina jambo nimekuficha tangu Januari. Nilikwambia upasuaji uliahirishwa kwa sababu ya mashine. Uongo. Uliahirishwa kwa sababu yangu. Daktari alikataza dawa za kutuliza mtetemeko tangu jioni, kwani mgonjwa hupasuliwa akiwa macho, madaktari wauone mkono unavyotetemeka, na ukitulia wajue waya umefika panapotakiwa. Mimi nilipomwona amekakamaa kama gogo, huruma ikanishinda, nikamfichia kidonge ndani ya tende. Mkono ukatulia kabla ya wakati, nao wakaturudisha nyumbani Susa. Miezi miwili, wifi! Huruma yangu ilimponza.

Kinyozi aliyeshika wembe miaka arobaini, sasa hata kifungo cha shati hafungi. Anameza vidonge sita kwa siku, na kila kimoja kinaisha nguvu mapema kuliko cha jana.

Ulimi wake lakini mzima. Jana muuguzi alipomnyoa kichwa alimwambia, "Binti, huo ni wembe au kijiko cha supu? Utanimenya kama kitunguu!" Tulicheka mpaka machozi.

Leo tangu alfajiri ananibembeleza. "Saluha, nusu tu. Nani atajua?" Nikamjibu, "Kimoja tu ndicho kilichoturudisha Susa, bwana wee." Akasema nina roho ya jiwe. Basi na iwe jiwe. Binti yetu Rim alitaka kuliweka yeye kopo la vidonge, nikakataa. Aliyeharibu ni mimi, wa kuvumilia ni mimi. Nimelikalia, na nakuandikia ili mikono yangu iwe na kazi. Naogopa, sikufichi. Ila sinyanyuki.

Msalimie shemeji Taufiki na mjukuu wako Inesi. Mungu akulinde ugenini, atukutanishe mezani kwangu msimu wa machungwa.

Akupendaye, hata ukinikasirikia,
Saluha

Saa moja kasorobo. Wamekuja na kitanda cha magurudumu. Nimenyanyuka, kopo halijafunguliwa. Kaka yako anatetemeka mwili mzima, Monjia. Anatetemeka, alhamdulillahi.