Taa za Watu Nimemwambia Mama ni Zake

Bibi mshauri, shikamoo. Naomba uisome yangu haraka, maana leo ni Ijumaa na Jumapili naumbuka. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na nne, niko ugenini mwaka wa sita, kazi yangu ni kupiga pasi mashuka ya hoteli, na nimepanga chumba cha juu kwa mama mmoja wa Kihindu, mjane, na mtaa karibu wote ni Wahindu. Juzi Jumatano mama yangu na shangazi wamekuja kunitembelea kwa mara ya kwanza, na siku hiyo hiyo ndiyo sikukuu yao ya taa ilikuwa inaanza, kila dirisha linawaka, kila kizingiti kimechorwa maua kwa unga wa rangi, na mimi nina masanduku mawili mikononi tunatoka kituo cha basi, shangazi akauliza, "Hivi wewe, miaka yote hii hapa, mbona hakuna hata mmoja anayekusalimia?" Bibi, swali lile lilinichoma, na kabla sijajibu mama naye akauliza taa hizi zote za nini, nikajikuta nasema, "Wamewasha kwa ajili yako, mama. Niliwaambia unakuja."

Nilidhani atacheka. Alilia. Asubuhi yake akanitoa kitandani twende mlango kwa mlango akashukuru, na kwa kuwa hajui lugha yao wala wao hawajui yake, mkalimani ni mimi, basi akisema "Mungu awalipe kwa kunipokea," mimi nawaambia anawatakia sikukuu njema, na wao wakimtakia na yeye, mimi namwambia wanasema walikuwa wanamsubiri kwa hamu, kinyozi akamkalisha kwenye kiti cha wateja, muuza dawa akampima presha bure, kila nyumba wakamjazia vitamu kwenye mkoba, na jioni akapiga simu nyumbani akauambia ukoo mzima. Shangazi ananitazama tu, anatafuna vile vitamu.

Sasa Jumapili mama mwenye nyumba ametualika chini kumalizia sikukuu, kila mwaka hunialika na mimi humwambia nimechoka, lakini safari hii amemwalika mama mwenyewe kwa ishara, na mama amekubali kwa kichwa kabla sijafungua mdomo, anasema atasimama atoe shukrani mbele ya watu, na kitambaa cha hariri alichokuwa amemwekea mke nitakayemuoa anataka kumpa yule mama, na kaka yake mwenye nyumba atakuwepo, aliyefanya biashara kwetu miaka ishirini na anaongea lugha yetu kunishinda. Je, nimwambie mama kwamba mwenye nyumba anaumwa, au niwapeleke wakatazame wanyama siku nzima?

Mpiga Pasi

JIBU LA BIBI

Marahaba. Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikatafuta kiatu cha kukurushia.

Mwanamume mzima una ndevu, shangazi kakuuliza swali moja la njiani, ukaona bora umdanganye mama yako. Watu wamewasha taa kwa ajili ya mungu wao na watoto wao, wewe umewageuza vibarua wa kumpokea mgeni wako. Halafu ukamshika mama mkono ukamzungusha mtaa mzima akashukuru kwa kitu asichoandaliwa, huku wewe katikati unamlisha maneno ya kupika. Na leo unaniuliza kati ya ugonjwa wa uongo na wanyama. Mjane wa watu amekosa nini hata umlaze kitandani?

Unajua kinachonikera zaidi? Huyo mama amekualika kila mwaka. Umechoka nini, mwanangu, kushuka ngazi? Mama yako ana siku tatu hapo, hajui hata kuomba maji kwa lugha yao, na tayari kinyozi anamjua, muuza dawa anamjua. Wewe miaka sita unapita na kichwa chini kama unayedaiwa, halafu unaona aibu hakuna anayekusalimia. Wewe umemsalimia nani?

Najua upweke unauma. Kurudi kila siku kwenye chumba usimoitwa jina si jambo dogo, na laiti ungekuwa karibu ningekupa chakula kwanza ndiyo nikuseme. Lakini upweke wako usimbebeshe mama yako ukamwambia ni zawadi.

Leo ni Jumamosi. Ukitoka kazini, waketishe jikoni wote wawili, shangazi asitoke. Sema hivi: "Mama, taa hazikuwa zako. Nilidanganya kwa sababu hapa sina mtu, na niliona haya ujue." Basi. Usipambe. Mama atakusema, kaa usemwe. Shangazi atacheka, mwache acheke, aliuliza swali la haki. Kisha shuka peke yako umwambie na mwenye nyumba, asije akayasikia kwa kaka yake.

Jumapili mnakwenda. Kitambaa ni cha mama, atampa amtakaye. Na akisimama kusema, wewe ndiye mkalimani, neno kwa neno, huyo kaka mtu anakusikiliza. Akisema amezaa mwongo, usikohoe, usitafute neno laini. Watafsirie hivyo hivyo, kwa sauti, mpaka wa mlangoni wasikie.